Makoti Mawili ya Kwenda Barafuni

Mume wangu alianza kuizungumzia barafu katika majira ya baridi ya mwaka 2017, wakati ule ambapo asubuhi za Johannesburg huacha weupe juu ya nyasi za uwanja wa mbio za farasi na mabomba ya nje hugoma mpaka jua lipande. Tulikuwa tumepanga mtaa wa Turffontein, ghorofa ya tatu, katika jengo la zamani lisilo na lifti. Yeye ni fundi wa nguo, mzaliwa wa Bukavu. Mimi ni Mkenya; nilihamia huku kwa kazi ya benki, nikamkuta kanisani akiwapima wanakwaya mabega, na miaka ikapita. Tulikuwa na binti mmoja tu, aliyezaliwa hapa hapa, mwenye miaka kumi na mitano wakati huo. Alituongelesha kwa Kiingereza, tukamjibu kwa Kiswahili, na kila mtu akaridhika.

Duka la mume wangu lilikuwa mtaa wa jirani, La Rochelle, chumba kimoja kinachotazama barabara, na juu ya kabati la vitambaa kulikuwa na televisheni ndogo isiyozimwa. Jumamosi moja nilimpelekea chakula, nikamkuta amesimama katikati ya chumba, tepu ya kupimia shingoni, suruali ya mteja imemponyoka na kuanguka sakafuni. Kwenye televisheni ukuta wa barafu, mrefu kuliko jengo letu, ulikuwa unaporomoka baharini. Mbele yake kulikuwa na meli, na juu ya meli watu wachache waliovaa makoti mekundu, wametulia kabisa, wanatazama.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona. Chakula kitapoa."

"Hawa watu wanalipa ili waende kutazama tu. Wanatazama, halafu wanarudi kwao."

"Wana pesa za kuchezea."

"Mama," akasema, maana ndivyo anavyoniita, "na sisi tutaenda."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliiokota ile suruali, akaikung'uta, akaanza kula akiwa amesimama, macho bado yako juu kwenye televisheni.

Mume wangu si mtu wa kutaka vitu. Suti aliyooa nayo anaivaa mpaka leo. Likizo yetu pekee ilikuwa Durban, kwa basi, mara moja. Kwa hiyo alipokuja wiki iliyofuata na habari kamili, niliona kama kuna mtu mwingine amekaa kwenye kiti chake. Alikuwa amesoma kwenye simu, ameuliza, amempigia hata wakala wa safari mmoja mjini. Alaska ilikuwa mbali mno na visa yake ni mateso, akasema. Lakini kusini kabisa ya Chile, huku huku upande wetu wa dunia, kuna meli ndogo zinazopita katika njia nyembamba za bahari katikati ya milima, na mito ya barafu inashuka mpaka majini. Kuna kisiwa cha pengwini. Kuna nyangumi, simba wa bahari, na ndege wakubwa wanaoelea hewani muda mrefu bila kupiga bawa. Msimu wake ni wakati wa joto letu. Alitaka Februari, sisi wawili tu.

"Kwa nini Februari hii? Kwa nini tusingoje huyu mtoto amalize shule?"

"Februari ni vizuri."

"Nakuuliza kwa nini haraka."

"Barafu inayeyuka, mama. Kila mtu anasema inayeyuka."

Pesa zilikuwepo, na hapo ndipo tulipogombana. Nilikuwa nimeuza kiwanja cha Nakuru nilichoachiwa na baba yangu, na nilitaka tununue nyumba ya chini, yenye ua wa kuanikia nguo. Yeye, mtu aliyeishi nyumba za kupanga tangu siku aliyovuka mpaka, ambaye ndiye angepaswa kuililia nyumba, alisema, "Nyumba itangoja." Alisema kwa upole sana, kama mtu anayemtuliza mgonjwa. Upole ule ndio ulionishinda. Nilikubali.

Alinunua kitambaa kizito cha sufu katika maduka ya jumla mjini, rangi ya kijani iliyokolea, na bitana ya blanketi. Alisema makoti ya dukani hayajui baridi. Jioni moja, kabla hajafunga duka, alinipima mimi kwanza: mabega, kifua, mkono, urefu mpaka chini ya goti. Kisha akanipa tepu.

"Nipime na mimi."

Niliizungusha tepu kiunoni mwake, nikasoma. Nikaizungusha tena.

"Umenenepa tumbo," nikasema.

"Ni ugali wako."

Lakini nilipofika mabegani na mikononi, tepu ililegea. Nguo yake niliifahamu. Shati lile lile lililokuwa likimkaa sawasawa sasa lilining'inia mabegani na kubana tumboni. Nilimwambia amepungua juu. Akaninyang'anya tepu, si kwa hasira, kwa haraka tu.

"Umeshika vibaya. Acha nitajipima mwenyewe."

Alilikata lile koti kwa vipimo vyake ambavyo hakuniambia. Lilipokwisha lilikuwa kubwa kuliko yeye, pana kama la mtu mwingine. Yeye akasema ndivyo yanavyotakiwa, ili mtu avae sweta mbili ndani. Buti nazo alinunua zinazozidi mguu wake. Za kuvalia soksi nene, alisema.

Kisha zikaja zile ngazi. Nilianza kuona kwamba kila tukirudi sokoni, tukifika ghorofa ya pili, alisimama na kutoa simu.

"Mama, rudi kidogo. Njoo umwone huyu."

Nilikuwa nimeshatangulia na mifuko. Nilishuka ngazi nne tano, nikatazama. Ilikuwa picha ya sili mkubwa mwenye pua kama ya tembo, amelala ufukweni. Siku nyingine ilikuwa nyangumi amerusha mkia. Siku nyingine pengwini na kinda lake. Tulisimama pale kwenye kituo cha ngazi, kwenye harufu ya mafuta ya taa na vitunguu vya majirani, yeye akiegemea ukuta na kunieleza wanyama, polepole, neno moja moja. Nilijifunza wanyama wengi sana pale ngazini. Nilidhani ni mapenzi ya safari.

Mwezi wa Septemba alianza kukohoa. Akasema ni vumbi la sufu. Akaongeza mto wa pili kitandani, halafu wa tatu. Asubuhi moja binti yetu, akifunga kamba za viatu vya shule, aliniuliza kwa Kiingereza kwa nini baba yake analala sebuleni akiwa amekaa.

"Halali sebuleni," nikamwambia. "Tunalala naye chumbani."

"Nikiamka kuoga ninamkuta pale. Amekaa kwenye kiti, mdomo wazi. Mara ya kwanza nilidhani..." Hakumaliza. Alilitupa begi mgongoni akatoka.

Nilimuuliza mume wangu. Akasema anaamka mapema kuangalia hali ya hewa ya kule. Kwa kweli simu yake ilikuwa imejaa hali ya hewa ya kule: upepo, mvua, mawimbi. Siku zile nilikuwa nimeanza kuwa na hofu yangu mwenyewe, na hofu yangu ilikuwa ya maji. Mimi ni mtoto wa Bonde la Ufa. Siwezi kuogelea, na bahari nimeitazama tu kutoka mchangani. Kila aliposema meli, niliona maji meusi yasiyo na chini. Kwa hiyo hofu yangu yote niliielekeza huko.

Wakala wa safari alipiga simu Jumatatu moja, na mume wangu akaiweka kwenye spika ili na mimi nisikie. Alikuwa mwanamke mchangamfu. Aliuliza kama tunakula nyama, kama tunataka chumba chenye dirisha. Kisha akauliza kama kuna yeyote kati yetu mwenye ugonjwa wowote, kwa sababu meli huwa mbali na hospitali kwa muda mrefu.

Mume wangu alikuwa ameshika sindano. Aliitazama. Ukimya ukawa mrefu kiasi kwamba yule mwanamke aliuliza kama simu imekatika.

"Hapana," akasema. "Sisi wazima. Kama ng'ombe dume."

Wakacheka wote wawili. Mimi pia nilitabasamu, huku nikijiuliza ule ukimya ulikuwa wa nini.

Kila Jumapili baada ya ibada tulimpigia mama mkwe wangu huko Bukavu, kwa video, mjukuu wake mmoja akimshikia simu. Jumapili moja mume wangu alikuwa ameketi, miguu imewekwa juu ya stuli, na binti yetu alikuwa akizungusha simu kumwonyesha bibi makoti yaliyotundikwa mlangoni. Simu ikapita kwenye miguu. Mama mkwe, aliyekuwa akicheka, akasogeza uso karibu na kioo.

"Rudisha simu pale," akasema.

"Wapi, bibi?"

"Pale. Kwa miguu ya baba yako."

Mume wangu alishusha miguu, akaichukua simu na kumwambia mama yake habari za kanisa. Wakaagana. Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, mama mkwe alinipigia mimi, kazini, jambo ambalo hakuwa amewahi kufanya. Nilitoka nje nikasimama kando ya wauza maembe.

"Mwanangu," akasema, "nimeota maji. Maji mengi. Mtoto wangu alikuwa ndani, na yale maji yalikuwa yanapanda."

"Yalikuwa yanatoka wapi, mama?"

"Yalianzia miguuni. Yakapanda mpaka kifua. Mwambie asiende. Mwambie akae karibu na hospitali... akae karibu na watu. Umesikia? Asipande ile meli."

Niliirudisha simu mfukoni. Jioni nilimweleza mume wangu ile ndoto, nikitarajia atanicheka, kwa sababu hajawahi kuwa mtu wa ndoto. Hakunicheka. Aliizima cherehani na kubaki akitazama barabarani.

"Mama yangu alisema yalianzia miguuni?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mama amezeeka," akasema. Kisha akaniomba nisiongee tena habari hiyo.

Nilikwenda kwa akina mama wa kanisa. Tulikutana katika jengo la kanisa mjini, ambalo zamani lilikuwa ghala la samani, na nikawaeleza kuhusu meli na ndoto. Waliniweka katikati, wakaniwekea mikono. Waliombea mawimbi. Waliombea injini, nahodha, mbao na vyuma, milima ya barafu iliyojificha chini ya maji. Mama mmoja wa Lubumbashi mwenye sauti nzito alikemea bahari mpaka jasho likamtoka. Nilirudi nyumbani nikiwa nimepata nafuu, na nilipofika ghorofa ya pili nilimkuta mume wangu amekaa kwenye ngazi, mkate umewekwa kando yake. Alisema ameketi kumjibu mteja. Simu yake ilikuwa mfukoni.

Visa zilitoka Desemba. Makoti yalining'inia mlangoni, na kila nilipoingia ndani jioni kabla ya kuwasha taa nilishtuka, nikidhani ni watu wawili wanatungoja.

Januari alipata wazo. Alisema siwezi kwenda baharini nikiwa na hofu namna ile; twende kwanza bwawa la Vaal, kusini mwa mji, tukodi boti kwa saa moja, nizoee. Tulimwacha binti kwa rafiki yake, nikaendesha mimi, maana yeye siku hizo alisema mgongo unamsumbua akikaa kwenye usukani. Njia nzima hakuongea. Mbingu ilikuwa safi upande wetu, lakini magharibi mawingu yalikuwa yakijipanga kama kawaida ya Januari.

Mwenye boti alikuwa mzee wa Kizungu mwenye kofia ya majani, mkarimu, akiishi na mkewe hapo ukingoni. Alitupa majaketi ya kuokolea. La mume wangu halikufunga. Mzee akalegeza mikanda mpaka mwisho, bado halikufunga vizuri, akamtazama mume wangu usoni kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kumtazama mtu unayemvalisha jaketi.

"Uko sawa, rafiki?"

"Sharp," akajibu mume wangu, kama wasemavyo huku kwa maana ya sawa, na kuinua kidole gumba.

Tulikwenda mbali kiasi. Nilishika ukingo wa boti kwa mikono yote miwili na kutazama maji tu. Rangi yake ilikuwa ya kahawia. Nilihesabu mawimbi, nilisali kimoyomoyo, nilisikiliza injini kama mama anavyosikiliza mtoto mwenye homa. Upepo ulipoanza, na mzee akasema turudi kabla ya radi, niliikumbuka ndoto ya mama mkwe. Injini ilikohoa, ikazimika. Mzee akaivuta, ikakataa. Akaivuta tena. Boti ikageuka ubavu, maji yakaturukia. Nilipiga kelele. Injini ikawaka.

Tuliingia kwenye gati matone ya kwanza yakianguka. Nilipanda mimi kwanza, nikakanyaga mbao na nchi kavu baada ya mbao, na nikacheka kwa sauti. Nilikuwa nimepita majini na majini hakuna kilichotokea. Niligeuka nimwambie hivyo.

Alikuwa bado amekaa ndani ya boti. Mkono wake ulikuwa umeshika kamba ya gati lakini hauvuti. Midomo ilikuwa ya rangi ya majivu.

"Ngoja kidogo," akasema. "Nakuja."

Hakuja. Alijaribu kusimama, akaketi. Hapo ndipo nilipoisikia ile sauti, sauti iliyokuwa ikitoka kifuani mwake, kama chungu kinachotokota kikiwa na kifuniko. Mzee alimkamata kwapani, mkewe akaja mbio na mwavuli ambao haukufunguliwa, na sisi watatu tukampandisha, tukamburuta mpaka garini. Povu lilimtoka mdomoni, lenye wekundu mwepesi. Mzee akapanda nyuma naye, akimshikilia akae wima, na mkewe akakaa kando yangu kunielekeza njia ya hospitali ya mji wa karibu. Mvua ilipiga kioo kiasi kwamba niliendesha kwa kufuata taa za lori lililokuwa mbele. Sikulia. Nilisikiliza tu nyuma, kama chungu bado kinatokota, kwa sababu niliogopa zaidi kitakaponyamaza.

Walimpokea haraka, nami nasema Mungu awabariki. Daktari alikuwa kijana mwanamke, mwenye kusema taratibu. Alitoka akaniambia moyo wa mume wangu umepanuka na umechoka, na kwamba mapafu yamejaa maji.

"Hakuanguka majini," nikamwambia. "Nilikuwa naye. Hakumeza hata tone."

Daktari akaweka mkono begani mwangu. "Si maji ya bwawa, mama. Ni ya mwilini mwake. Yamekuwa yakipanda kwa muda mrefu."

Tukaingia ndani. Alikuwa amekalishwa wima, kinyago cha hewa usoni, macho wazi. Daktari akauliza mgonjwa anatumia dawa gani. Nikajibu hatumii dawa yoyote, ni mzima wa afya. Mume wangu akainua mkono wenye sindano ya maji ya dawa. Akakisogeza kinyago kidogo, akazitaja dawa, moja baada ya nyingine, majina yake magumu yote, na kiasi, na saa za kumeza. Alizitaja kama mtu anayetaja majina ya ndugu zake. Mimi nilikuwa nimesimama pale na mkoba wangu.

Alipopata nguvu ya kuongea, niliketi kando ya kitanda chake.

"Tangu lini?"

"Kabla ya ile siku ya televisheni. Nilienda kliniki mjini kwa sababu ya kuishiwa pumzi."

"Walikuambia nini?"

"Moyo. Nipunguze chumvi, nipunguze ngazi. Nilimuuliza daktari miaka mingapi, akasema hakuna ajuaye." Alivuta pumzi. "Dawa niliziweka dukani, kwenye kopo la vifungo. Siku zingine nilimeza. Siku zingine niliona nikimeza nitakuwa mgonjwa kweli."

"Na ukaenda ukatafuta meli."

"Ndiyo."

"Kule ulikoniambia mwenyewe mtu haoni hata nyumba moja siku nzima." Sauti yangu ilikuwa imepanda, mgonjwa wa kitanda cha pili aligeukia ukutani. "Ulipanga nifanye nini, baba? Ufe kule, mimi nikae chumbani na maiti yako, katikati ya watu nisiowajua wanaopiga picha pengwini? Nani angenishika? Ningemwambia nani, kwa lugha gani?"

Alitazama dirishani, ambako hakukuwa na kitu isipokuwa maegesho ya magari.

"Mawazo yangu hayakufika hapo."

"Yalifika wapi?"

"Yalifika pale tumesimama nje, mimi na wewe, tumevaa makoti, barafu inaanguka. Njo pale tu," akasema kwa Kiswahili cha kwao Bukavu, yaani ndipo pale. "Pale mawazo yangu yanaishia."

Nilimchukia saa ile, na nilimfunika miguu na blanketi, maana ilikuwa imetoka nje. Ilikuwa imevimba kiasi kwamba kidole changu kiliacha shimo kwenye ngozi, na shimo halikurudi.

Yule wakala nilimpigia mwenyewe nikafuta safari. Sauti yake ya uchangamfu ilitulia, akasema pole, akasema angalau iligundulika mapema. Sikumwambia kwamba haikugundulika mapema. Tulihama lile jengo, tukapata nyumba ndogo ya chini ya kupanga huko huko kusini, na nikajifunza kupika bila chumvi.

Mama mkwe alikuja Juni, kwa ndege, mara yake ya kwanza, akashuka uwanjani na kandambili katika baridi ile. Siku hiyo hiyo mwanawe alimvalisha lile koti kubwa la kijani, na hakulivua mpaka alipoondoka. Alipikia nalo, alisalia nalo. Asubuhi moja tulikuwa jikoni wawili, tunachambua maharage. Nilimshukuru kwa ile ndoto. Nilimwambia kama si ndoto yake nisingekuwa macho.

Hakuinua uso.

"Mi sikuota kitu," akasema.

"Mama?"

"Baba yake njo vile alianza. Miguu, halafu tumbo, halafu kifua. Na baba yake mkubwa pia. Nilipoona ile miguu kwa simu, nilijua." Alitupa jiwe dogo kando ya sinia. "Ugonjwa kama ule hauutaji kwa telefone. Ukiutaja, umeuita. Nikasema nitasema maji. Nikasema mtaogopa, mtabaki karibu na waganga wa hospitali. Kumbe yeye aliogopa, wewe uliogopa, na hakuna aliyebaki."

Nilimtazama yule mama mdogo ndani ya lile koti pana, nikaelewa kwa nini mume wangu alikuwa ameizima cherehani jioni ile. Yeye alikuwa ameielewa ndoto kwa lugha yake. Mimi peke yangu ndiye niliyeombea bahari.

Watu wakinisikia nikisimulia haya hunishika mkono na kunipa pole. Wanadhani amekufa. Hajafa. Anameza dawa zake mbele yangu, anafanya kazi nusu siku, anatembea mpaka roboti, yaani taa za barabarani, na kurudi. Daktari hasemi miaka, na sisi hatuulizi. Nimezoea kusikiliza. Akiwa bafuni muda mrefu, nasikiliza. Akiitikia simu na kuchelewa kusema halo, nasikiliza.

Mwaka huu wa 2019 binti yetu yuko darasa la mwisho. Sherehe yao ya kuaga shule ni mwezi wa tisa, na wasichana wenzake wataanza kutafuta magauni Julai. Mwishoni mwa Januari alirudi nyumbani akamkuta baba yake ametandaza mezani hariri ya rangi ya zambarau, chaki mkononi, tepu shingoni.

"Simama hapa nikupime," akamwambia.

Binti akacheka. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba ni mapema mno, kwamba bado anakula, kwamba mpaka Septemba anaweza kunenepa na gauni likagoma kufunga. Baba yake alikuwa ameshapiga magoti, anaishusha tepu kutoka kiunoni mpaka kwenye kifundo cha mguu, polepole, akipumzika katikati.

"Usijali," akasema. "Nitaacha kitambaa cha kutosha ndani. Fundi yeyote ataweza kulipanua."

Binti alinitazama juu ya kichwa cha baba yake. Hakuwa anacheka tena. Alinyoosha mikono pembeni, wima, kama alivyoambiwa, na akasimama bila kutikisika mpaka alipomaliza kumpima.